Ndani ya Minyaa

Perpetua alikwenda Tlawi kuchukua karatasi moja tu. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kwenye sanduku la mama yake, chini ya vitenge na kadi za kliniki za watoto wote, na bila cheti hicho hapati pasipoti. Alipanga afike Jumamosi, ale makande ya mama, alale, na Jumapili baada ya misa apande gari la kurudi Arusha. Begi lake lilikuwa na nguo moja ya kubadilisha na kompyuta. Anayekwenda kukaa mwezi mzima hafungi begi la namna hiyo.

Jumapili asubuhi mimba ya wifi yake iliharibika. Frida, mke wa kaka yake Hhando, alikuwa na miezi mitano. Mama Philomena na Perpetua walifanya kila kilichotakiwa kufanywa, na nesi wa zahanati, mtu wa Tanga ambaye hakujua mila za pale wala hakuulizwa, aliingia, akamtazama mgonjwa, akasema damu imekata na apumzike, akaondoka zake. Ilipofika saa sita mchana mzee Margwe, mkubwa wa wazee wa kitongoji, alikuja akasimama nje ya ua wa minyaa, ile miti ya utomvu iliyozunguka nyumba. Hakuingia. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba nyumba ya marehemu Isidori, baba yake Perpetua, imefungwa.

Kwa Wairaqw jambo hilo lina jina, metimani. Mimba ikiharibika nyumbani, nyumba nzima huhesabiwa kuwa na balaa linaloweza kuwafikia wengine. Walio ndani hawatoki, walio nje hawaingii, mpaka siku zitimie na wazee waje kuisafisha. Zamani ilikuwa mwaka na zaidi. Siku hizi sehemu nyingi wameacha, na padre haachi kuhubiri dhidi yake, lakini padre anakaa parokiani na mzee Margwe anakaa hatua mia mbili kutoka pale. Wazee wa kitongoji kile walikuwa wameipunguza hadi siku thelathini, na walijiona wa kisasa kweli kweli. Sharti lilikuwa moja. Mtu mmoja akivuka minyaa, hesabu inaanza upya kwa wote.

"Lakini mimi ni mgeni, babu," Perpetua alimwambia, ameshika begi lake. "Nimekuja jana."

"Ulikula humo?"

"Nilikula."

"Ukalala?"

"Nililala."

"Basi we si mgeni, mjukuu wangu. Rudisha begi ndani."

Akalirudisha. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, injinia wa mitambo mwenye shahada, na alirudisha begi kama alivyoambiwa.

Niseme huyu binti alifikaje hapo alipofika, maana hakushushwa na mvua. Baba yake, Isidori, alikuwa fundi wa mashine za kuvuna ngano kwenye mashamba ya Gitting na Mogitu. Wanaume wengine walirudi nyumbani na habari za ng'ombe. Yeye alirudi na habari za beringi. Perpetua alizipenda habari hizo. Akasoma sayansi kwa ukaidi, akaingia chuo kikuu kusoma uhandisi mitambo, wasichana wanne darasa zima, na alipomaliza akatengeneza pampu za maji miaka miwili mpaka akachoka kunuka matope. Ndipo akapata kazi Arusha, kwenye karakana moja inayong'oa injini za dizeli kwenye magari ya watalii na kuweka za umeme. Kule ndiko alikokutana na betri, na betri ikamfundisha adabu. Siku moja chupa moja ya betri, ndogo ya kushikika mkononi, ilipata joto, ikaunguza chupa ya jirani, na hiyo nyingine, na gari zima likawa majivu kabla hawajamaliza kutafuta mchanga. Hakuumia mtu, lakini Perpetua hakulala vizuri wiki nzima. Akaanza kubuni kasha la betri lenye kuta ndani yake. Kisha akajiuliza swali lililomharibia utulivu wake wote: gari likiwaka unalipeleka pembeni unashuka, je, ndege? Angani hakuna pembeni.

Tangu hapo hakutaka kitu kingine. Alisoma habari za ndege za umeme kila asubuhi kabla ya kazi, akapiga mahesabu, akaandika barua za maombi ishirini na sita. Ishirini na mbili hazikujibiwa. Tatu zilimshukuru. Moja, ya kampuni changa ya kusini mwa Ujerumani inayounda ndege ya abiria tisa, ilimwita kwenye usaili kwa mtandao. Akapita wa kwanza, akapita wa pili. Wa mwisho ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi kwa saa za kwetu, aonyeshe kasha lake mbele ya mainjinia watatu.

Na sasa alikuwa amefungiwa kwenye ua ambao simu ilishika karibu na zizi tu, tena ukiinyoosha juu, na hapo ni ya kuongea peke yake. Mtandao wa kompyuta ulikuwa kwenye mikaratusi juu ya kilima, kama hatua mia na hamsini kupita minyaa. Aliiona ile miti kila alipofungua mlango. Alimpigia mwenzake wa kazini Arusha, akamwomba awaandikie Wajerumani kwa niaba yake, usaili usogezwe. Jibu lilikuja kesho yake. Walisikitika, wasailiwa walikuwa watano na jopo lilikutana siku ile tu.

Siku ndani ya minyaa zilikuwa ndefu kwa namna ambayo mtu huru hawezi kuielewa. Majirani walioleta maziwa waliyaacha chini nje ya ua na kuondoka haraka, hata salamu waliitoa wakiwa wamegeuka. Ng'ombe wa Hhando walichungwa kwenye kipande cha nyuma peke yao. Asubuhi ukungu ulishuka ukafunika hata ile mikaratusi, na Perpetua akashukuru, kwa sababu asipoiona alipumua kidogo. Alizunguka ua mara arobaini kwa siku. Mama Philomena alimwambia aache, anawatia kizunguzungu kuku.

Mtu angesema, avuke tu, si haamini? Haamini ndiyo. Lakini alikuwepo Brightness, mdogo wake wa mwisho, kidato cha nne, aliyetoka shule kuja kula Jumapili na naye akafungiwa na madaftari yake. Mwalimu mkuu alipiga simu akabishana na wazee, wakamsikiliza vizuri, wakakataa vizuri. Mtihani wa taifa ulianza siku ya thelathini na mbili. Hesabu ikianza upya, Brightness anakaa nyumbani mwaka mwingine, na wasichana waliokaa nyumbani mwaka mwingine wanajulikana walikoishia. Hakumwomba dada yake chochote. Alimletea tu maswali ya fizikia, na kila walipomaliza alisema zimebaki siku ngapi.

Na alikuwepo Frida. Siku ya tatu Frida aliamka kitandani akaanza kuchambua maharage, uso mkavu kabisa. Hakuwa amelia. Alifanya kazi zote, akajibu alipoulizwa, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Wifi," Perpetua alimwambia, "ukitoka hapa twende hospitali kubwa wakupime. Kuna vipimo vya damu, vya kizazi. Mimba mbili kuharibika si jambo la kuacha hivi hivi."

Frida alimsikiliza kwa heshima, maana wifi yake amesoma. "Ile ya kwanza tulikuwa Katesh," alisema. "Kule hakuna wa kukufunga. Tulikaa tu kama hakuna kilichotokea, hatukusafishwa. Ndo maana na huyu ameondoka." Akapuliza makapi. "Safari hii nitasafishwa. Mpaka huu wa minyaa utunzwe tu, wifi. Nitapata mwingine."

Perpetua alitaka kubisha. Alimpenda Frida. Alimwonea huruma, na wakati huo huo alimkasirikia, kwa sababu imani ya Frida ilikuwa kufuli moja zaidi kwenye mlango wake.

Jumatatu ya wiki ya pili ndani ya minyaa, siku tatu kabla ya usaili, aliamua kuongea na mzee Margwe. Alimsubiri apite na mbuzi wake.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba. Simama hapo hapo."

"Babu, naomba saa moja tu. Alhamisi. Nipande pale kwenye mikaratusi peke yangu, niongee na watu wa kazi kwa kompyuta, nirudi. Sitakutana na mtu, sitamgusa mtu."

"Kazi gani hiyo haingoji mwezi?"

Hapo ndipo injinia wetu alipojifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Alidhani akieleza vizuri ataeleweka, ugonjwa wa wasomi wote. Akasogea hadi kwenye minyaa akaeleza kwa lugha nyepesi, nusu Kiswahili nusu Kiiraqw. "Ndege ya umeme inabeba betri, babu. Ndani ya betri kuna vichupa vidogo maelfu, vimepangwa pamoja kama nyumba za kijiji. Kimoja kikiugua kinapata joto. Ukikiacha, kinamuunguza jirani, jirani naye jirani yake, mpaka ndege nzima inawaka na watu ndani. Mimi kazi yangu ni kujenga kuta. Kikiugua kimoja, kinafungiwa humo humo na wale walio karibu nacho. Wengine wanasalimika."

Mzee Margwe aliegemea fimbo yake. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumchukia. Uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli.

"Kumbe Wazungu nao wanajua hayo!"

"Babu, ile ni tofauti. Joto linapimwa, lina namba."

"Na wale wazima mliowafungia pamoja na mgonjwa. Wakisema, tufungulie saa moja tu, mnawafungulia?"

Kwenye mahesabu ya Perpetua vichupa vizima vile vilikuwa na safu yao wenyewe, na juu ya safu hiyo aliandika kwa mkono wake: vinavyokubalika kupotea. Hakuwahi kuona ubaya wa maneno yale.

"Umenielewa, mjukuu wangu," mzee alisema kwa upole. "Afadhali we umesoma, wengine huwa wananitukana." Akawaswaga mbuzi wake, akaenda.

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito. Saa nne na nusu Hhando alikuwa nyuma na ng'ombe, mama alimenya viazi, Brightness alisoma kwa sauti chumbani, na Frida alikuwa amelala, au Perpetua alidhani amelala. Alifunga kompyuta ndani ya kanga, akaenda nyuma ya zizi, mahali ambapo ndama alikuwa ametoboa njia kwenye minyaa. Alisimama pale, akajisemea kwamba haamini, kwamba ni hatua mia na hamsini tu, kwamba asipoonwa na mtu hakuna kilichotokea. Yote hayo yalikuwa kweli. Aliinama, akapita.

Usaili ulikwenda vizuri kuliko ule wa kwanza na wa pili. Alikaa kwenye kisiki, ukungu umemzunguka, akawaonyesha kasha lake ukuta baada ya ukuta. Mmoja wao, mwanamke mwenye mvi ambaye baadaye angekuwa mkuu wake, alimuuliza kwa nini ukuta wa upande mmoja ni mnene kuliko inavyotakiwa na kanuni.

"Upande huo wanakaa abiria," Perpetua alijibu, "na hawana pa kushukia."

Yule mama akaandika kitu. Saa sita na robo Perpetua alikuwa ameshapita tena kwenye tundu la ndama, amefuta matope miguuni, anamenya viazi na mama yake. Hakuna aliyeuliza. Jumamosi simu yake iliita karibu na zizi, akaambiwa kazi ni yake. Alikuwa ameingoja habari ile miaka mitatu, na alipoipata ilibidi afumbe mdomo kwa kiganja. Aliibana kifuani siku zilizobaki zote, akicheka peke yake alipokwenda kuchota maji ya tangi, akajiona mwizi.

Siku ya thelathini wazee walikuja na kondoo. Moto wa zamani ukazimwa, majivu yakazolewa, moto mpya ukaletwa kutoka kwa jirani. Hilo Perpetua alilijua. Alichokuwa amesahau, kwa kuwa aliondoka nyumbani mdogo akaenda shule za bweni, ni kwamba kabla moto haujawashwa kila mtu wa nyumba anasimama mlangoni mmoja mmoja, anaulizwa mbele ya wote.

"Umetunza mpaka?" mzee Margwe alimuuliza Hhando.

"Nimetunza."

Mama akasema nimetunza. Brightness akasema nimetunza, sauti imepanda kwa furaha, begi la shule tayari mgongoni. Frida akatupa jicho upande wa zizi, akasema nimetunza.

Perpetua akasimama mlangoni. Akisema ukweli, hesabu ya siku thelathini inaanza upya kesho, mtihani unapita, na Wajerumani wanamwita wa pili kwenye orodha. Ni neno moja, na halikuwa na maana yoyote kwa mtu asiyeamini.

"Nimetunza," alisema.

Frida alimtazama, muda mrefu kuliko inavyostahili. Kisha moto ukawashwa, wanawake wa kitongoji wakaingia ndani kwa mara ya kwanza baada ya mwezi, wakamzunguka Frida, na Frida akalia. Alilia kilio cha siku thelathini. Perpetua alikuwa mmoja wa waliomshika mabega.

Brightness alifanya mtihani, akapata daraja la pili. Perpetua akaondoka na cheti chake.

Mwaka na nusu baadaye alikuwa na meza yake mwenyewe katika karakana kubwa ya ndege kule Ujerumani, na kasha lake lilikuwa limewashwa moto kwa makusudi mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja kuta zilisimama. Ndege ilikuwa iruke kwa mara ya kwanza Jumanne ya wiki iliyofuata. Siku hiyo yeye ndiye angekaa mbele ya skrini kulinda joto la kasha, na baada ya hapo ndipo mkataba wake wa majaribio ungegeuka kuwa wa kudumu. Watu walianza kumwita injinia wa kasha. Alikuwa na furaha, kusema kweli, furaha safi, mpaka mchana ule simu ya Frida ilipoingia.

"Wifi, nina miezi minne na nusu."

"Hongera jamani! Mbona hamkuniambia?"

"Nilikuona," Frida alisema.

Perpetua alikaa chini.

"Nilikuwa dirishani siku ile. Nilikuona unatoka kwenye tundu la ndama, nikakuona unarudi. Nilinyamaza kwa ajili ya Brightness. Na mimi nikasema nimetunza, wakati najua nyumba haijatunzwa. Tulidanganya wote wawili, wifi." Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Sasa tumbo limeanza kuuma. Kama zile mbili."

"Umekwenda hospitali?"

"Nimelazwa wiki nzima. Wamenipima ulivyosema, vipimo vyote. Wamesema nipumzike, nisiwe na mawazo." Akavuta pumzi. "Nalala naangalia mlango tu. Nimemuuliza mzee Margwe, sikutaja mtu, nimesema tu kama mtu alivuka. Anasema aliyevuka aje aseme kwa mdomo wake, amesimama mlangoni, ndo nyumba isafishwe. Nikauliza kama kwa simu inafaa. Anasema haifai."

"Frida, sikiliza. Mimba haiharibiki kwa sababu mimi nilipanda kilimani."

"Naomba uje, wifi."

Simu ikakatika, au Frida aliikata. Perpetua alibaki na kompyuta iliyojaa namba mbele yake. Alijiambia haamini. Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kiiraqw, akasema kwa Kijerumani chake kibovu, na kote lilikuwa kweli. Kisha akajikuta anahesabu kwa vidole, miezi minne na nusu kuelekea mitano, na alipogundua anachofanya alipigwa na woga ambao hakuwa ameupata hata kwenye tundu la ndama. Yeye alivuka, lakini Frida ndiye aliyebaki ndani. Frida alikuwa amefungiwa mle mwaka na nusu, usiku na mchana, na aliyeufunga mlango ule ni yeye, kwa neno moja la mdomo wake.

Akainuka, akaenda kubisha ofisini kwa mkuu wake, yule mama mwenye mvi. Alimwambia anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani leo hii, na kwamba anajua ndege inaruka Jumanne, na anajua mtu mwingine atakaa kwenye kiti chake, na pengine atabaki nacho.

Mama yule alivua miwani. Kwa ghafla namna hii kampuni ilitoa ruhusa ya msiba tu.

"Pole sana," alisema. "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu," alisema Perpetua. "Ndiyo maana naondoka leo."